Mwaka Niliomuuguza Paka wa Mama

Nianze na jambo ambalo wenye paka hawatalipenda: mimi simpendi paka. Simpendi akiwa mzima, na akiwa mgonjwa ndiyo kabisa. Nywele zake zinanikera, ulimi wake unanitia kinyaa, na kile anachokifukia mchangani sitaki hata kukitaja. Ninaandika haya kwa sababu paka mmoja mwenye pumu ameishi kwangu mwaka mzima na zaidi, bado yu hai, na majirani zangu hapa Garissa wamezoea kuja mlangoni kuniuliza, "Mwalimu, hata wangu anakohoa, nifanyeje?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Tena kila nikijibu huwa naruka sehemu moja, na sehemu hiyo ndiyo yenye maana.

Ninafundisha Kiswahili katika shule ya upili. Niliachika zamani, sina mtoto, na nyumba yangu ya vyumba viwili ilikuwa safi hata walimu wenzangu wakinitania kwamba kwangu nzi hupiga hodi kwanza. Kisha mvua za Deyr, zile za mwisho wa mwaka, zikakataa kunyesha tena kule Eldas anakoishi mama yangu. Ng'ombe ndio waliotangulia. Mbuzi wakafuata, wawili leo, watano kesho, mpaka zizi likabaki miiba mitupu. Jamaa zetu wakampandisha mama gari la kuja Garissa. Aliteremka na mtungi wa maziwa usio na maziwa, fuko la nguo, na boksi la mafuta ya kupikia lililotobolewa matundu. Ndani ya boksi mlikuwa na dume la paka la rangi ya majivu, sikio moja limechanika.

"Hooyo," nikasema, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisomali, "huyu wa nini?"

"Huyu ni Askari. Alikuwa analinda unga dhidi ya panya." Akafungua boksi. "Mifugo yangu ndiye huyu. Wengine wamekwisha."

Mwanamke aliyekuwa akiwaita mbuzi wake kwa majina, kila mmoja na jina lake, sasa anahesabu mpaka moja.

Mimi na Hooyo tunaongea Kisomali, kwa hiyo maneno yake nayaandika hapa kwa Kiswahili changu cha shuleni, isipokuwa pale alipoongea Kiswahili mwenyewe na watu wengine.

Wiki ya kwanza nyumba ikaanza kunuka. Sitatafuta neno la adabu. Ilinuka mkojo wa dume, mchanga uliolowa, na nyama ambayo Hooyo aliitafuna kwanza kabla ya kumpa paka mdomoni. Nywele zilikaa kwenye buibui langu, kwenye madaftari ya wanafunzi, na asubuhi moja niliukuta unywele ndani ya chai. Nilikuwa nimeshakunywa nusu kikombe. Nilitoka nje nikatapika karibu na tangi la maji, na nikiwa bado nimeinama, yule mnyama akaja kunusa nilichotapika.

Basi nikafanya kile anachofanya kila mwanamke wa kwetu nyumba ikiharibika harufu. Nikachoma uunsi. Asiyejua uunsi, ni sukari iliyopikwa pamoja na udi na manukato mpaka ikawa mabonge meusi yanayong'aa. Ukiweka bonge moja juu ya kaa la moto kwenye chetezo, moshi wake mtamu unaingia kwenye mapazia, kwenye nguo, kwenye nywele. Zamani nilikuwa nachoma mara moja tu, baada ya sala ya magharibi. Sasa nikawa nachoma kabla ya kwenda shule, nikirudi mchana, na jioni tena, madirisha nimeyafunga ili moshi usipotee bure. Nilikuwa najipaka harufu ile kama mtu anayejipaka dawa ya upele. Hooyo alikaa katikati ya wingu hilo, paka mapajani, bila kusema neno.

Kikohozi kilianza wiki ya tatu. Nitakieleza vizuri kwa sababu hapa ndipo wengi hukosea. Askari alijikunja chini kabisa, viwiko vikiwa vimetoka nje, akanyoosha shingo mbele kama anayetafuta kitu chini ya kabati, akaanza kutoa sauti kavu, *khe, khe, khe*, tumbo likiingia na kutoka. Nilidhani anataka kutapika nywele alizoramba. Nilisubiri. Hakutapika. Alitoa povu jeupe kidogo, akalimeza tena, akajiramba midomo, akaenda kulala kwenye zulia langu. Kule kumeza tena ndiko kulikonimaliza. Siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Kama paka wako anafanya hivyo na hatoi nywele, usisubiri kama mimi. Mrekodi kwa simu. Mimi nilimrekodi, lakini si kwa nia njema. Nilimrekodi ili niwaonyeshe walimu wenzangu jinsi ninavyoteseka.

Hooyo hakuwa na shaka. Amefuga tangu kuzaliwa, na mbuzi anayenyoosha shingo na kukohoa kwake ana jina moja tu. "Ni sambab," akasema. Ni ugonjwa wa mapafu ya mbuzi. Na sambab kwao inachomwa moto.

Alipasha msumari mnene kwenye jiko la nje mpaka ukawa mwekundu. "Shika miguu," akaniambia. Nikashika. Naomba mnielewe: nilisoma mpaka chuo kikuu, nina shahada, na nilishika. Alimchora mistari mitatu ubavuni, upesi, kwa mkono uliojua kazi. Harufu ya nywele zikiungua na ngozi ikikaangika iliniingia kooni ikakaa. Paka alinikojolea mikono yote miwili. Nilinawa mara tatu kwa sabuni ya kufulia, kisha, kwa sababu harufu ile haikutaka kutoka puani, niliingia ndani nikaweka mabonge mawili ya uunsi badala ya moja.

Alasiri hiyo hiyo Askari alikohoa vibaya kuliko siku zote. Hooyo alikaa karibu naye akiangalia viganja vyake.

"Mkono wangu umezeeka," akasema. "Zamani nilikuwa napatia."

Jilaal ikaingia, kile kiangazi kirefu kinachokausha hata mate mdomoni. Vumbi likawa linaingia chini ya mlango. Nilikwenda duka la dawa za mifugo nikaomba sindano ya sambab. Muuzaji akauliza mbuzi ana uzito gani. Niliona haya kusema ni paka, na watu walikuwa nyuma yangu, nikasema ni kitoto cha mbuzi. Hooyo alimdunga pajani. Siku nne baadaye paja likavimba likawa kama limau, likapasuka, usaha ukatoka rangi ya krimu ukatiririka kwenye kanga ya Hooyo. Yeye akakamua. Akaosha kwa maji ya moto na chumvi, akakamua tena, akimwimbia wimbo wa kunywesha ngamia kisimani. Mimi nilisimama mlangoni nimejifunika pua kwa ncha ya mtandio, na nitasema nilichokiwaza: niliwaza kwamba angekufa tu, tupumzike.

Mkimwonea mgonjwa kinyaa, mtawaza hivyo. Msijidanganye kwamba nyinyi hamtawaza.

Jumamosi moja adhuhuri, jua limesimama, nilikuta Askari ameketi kama mbwa, mdomo wazi, ulimi nje. Paka hapumui kwa mdomo. Hata mimi nisiyempenda nilijua hilo. Mbavu zilikuwa zinaingia ndani mpaka ile mistari mitatu inakunjana, na ufizi wake ulikuwa umegeuka rangi ya kijivu kibaya. Hooyo hakulia. Alifungua mtandio wake wa mabegani, akamviringisha, akasimama mlangoni akinitazama. Nikatafuta tuk-tuk.

Ofisi ya mifugo tuliyokwenda ilikuwa na uwanja umejaa mbuzi, na benchi moja chini ya bati. Sakafu ilikuwa na samadi mbichi na maji ya dawa ya kuogesha mifugo. Niliketi ukingoni nimeinua buibui. Mzee mmoja mwenye ndevu za hina alikuwa ameshikilia beberu lenye makamasi marefu, akamwona paka kwenye mtandio akacheka.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "mbuzi yangu inakufa hapa, nyinyi mnaleta baka? Wallahi hii Garissa imekuwa Ulaya."

Hooyo akamjibu kwa Kisomali, bila kupandisha sauti. Alimwambia ametoka Eldas, akamtajia ukoo, akamtajia kisima, kisha akasema kwamba mnyama aliyebaki ndiye huyu. Mzee aliacha kucheka. Akalivuta beberu lake pembeni.

"Bitia," akasema. "Bitia mbele, mama. Mimi nitangoja."

Sijamwona tena mzee yule. Kama beberu lake lilikufa kwa sababu yetu, sijui.

Daktari alikuwa kijana wa Machakos, na jambo la kwanza alilosema lilinifanya nimwamini: "Mimi hapa paka nimewaona wawili tu. Mtanivumilia." Kabla ya kuuliza kitu alimwekea Askari hewa ya mtungi kwa bomba, akamdunga sindano, akatuambia tusimshikeshike. Hooyo akaanza kueleza.

"Daktari, hii baka iko na sambab. Mimi nachoma yeye mara tatu, hafanyi kitu. Wewe angalia fizuri."

"Mama, sambab ni ya mbuzi. Paka haipati."

Nikamwonyesha video ile ya kuwachekesha walimu. Aliitazama mara mbili, akamtumia mwenzake Nairobi anayetibu paka, wakaongea simuni. Baada ya kama nusu saa Askari alifunga mdomo. Aliramba pua yake. Hooyo alisema *alhamdulillahi* kwa sauti ambayo sikuisikia hata tulipopata habari kwamba ndugu zetu wa Elwak wamevuka ukame salama.

"Ni pumu," daktari akasema.

"Bumu?" Hooyo akashangaa. "Hiyo si ya watu?"

"Hata paka, mama. Mirija ya hewa inabana. Haiponi, lakini inatulizwa." Kisha akanigeukia mimi, mwenye shahada. "Nyumbani mnachoma nini? Udi, uunsi, dawa ya mbu? Makaa ya ndani?"

"Hatuchomi kitu," nikasema. "Mimi napikia gesi."

Hiyo ndiyo sehemu ninayoiruka kila nikiulizwa mlangoni.

Buibui langu lilikuwa linanuka uunsi ndani ya kile chumba kidogo hata mbuzi wa nje wangeweza kushuhudia. Daktari aliandika nilichosema. Hooyo anakielewa Kiswahili, neno kuchoma analijua, udi anaujua. Aliinama akamfunika paka vizuri kwa ncha ya mtandio. Nilidanganya kwa sababu niliona aibu, na kwa sababu kama ni uunsi, basi ni mimi, na kinyaa changu ndicho kilichokuwa kinamkaba yule mnyama mara tatu kwa siku. Tena ilikuwa rahisi: Hooyo alikuwa ameshajilaumu kwa msumari wake. Nilimwacha ajilaumu.

Tukaanza vidonge, kila asubuhi. Kumpa paka kidonge ni kazi ya kudhalilisha. Unambana taya, unasukuma, anameza, unamshukuru Mungu, kisha unakikuta kimelainika nyuma ya kochi kikiwa kimegandwa na nywele. Akikiuma, anatoa mate ya povu kama sabuni, marefu, yananing'inia mpaka kifuani. Vidonge vilimbadilisha. Alikunywa maji kama ngamia, akakojoa mabwawa. Tumbo lilishuka, manyoya ya mgongoni yakawa machache, njaa ikamfanya aibe hata ugali. Hooyo aliniambia nisimguse tena, eti nikimshika namshika kama kitambaa cha choo. Alikuwa hakosei. Kwa wiki mbili tuliishi kwenye vyumba viwili bila kuongea, ila "chai hii hapa" na "maji yamekatika".

Na uunsi? Sebuleni niliacha. Nikahamishia chumbani kwangu, mlango nimefunga, chini nimeziba kwa nguo. Nilijiambia moshi hauna miguu.

Mvua za Gu, zile za masika, zikaja, na safari hii zilikuja kweli. Hewa ikaoshwa. Askari akakaa wiki nzima bila kukohoa, daktari akatupunguzia vidonge, na Hooyo akaanza kuniambia habari za malisho ya kwao. Nikaona nimefaulu. Ndipo Idi ikafika, na wanawake wa ukoo wakasema watakuja kwangu.

Nyumba ya Msomali siku ya Idi bila uunsi ni kama mwenye nyumba hajaoga. Na walishaambiwa nina paka. Niliwasha vyetezo viwili, kimoja sebuleni, kimoja kwenye korido, nikawapitishia wageni moshi chini ya nguo zao kama desturi. Wakanisifu. Hooyo alikuwa pembeni kwenye mkeka, Askari nyuma yake. Nilimwona anamvuta karibu. Nilimwona, nikaongeza bonge jingine.

Askari alianguka tukiwa katikati ya kula pilau. Sikusikia kikohozi safari hii, ni mluzi tu, mwembamba, kisha akalala ubavu na kujikojolea. Mmoja wa wageni akainua sahani yake juu. "Kwani baka ndiyo nini?" akasema. "Funguenyi mlango itoke, tunakula." Wengine wakaendelea kula. Niliitazama midomo yao ikitafuna, mafuta yaking'aa kwenye vidole, moshi wangu mtamu ukizunguka juu ya vichwa vyao, na kichefuchefu kilichonijia hakikuwa cha paka. Niliufungua mlango wote nikabeba chetezo kwa mikono mitupu nikakitupa uani. Nina alama ya kuungua kwenye kiganja mpaka leo.

Ofisi ilikuwa imefungwa. Nilimpigia daktari, akaja kwa pikipiki yake akiwa na nguo za nyumbani. Alifika mlangoni akapiga chafya. Akapiga ya pili. Aliangalia chetezo kilichobaki kwenye korido, akaniangalia mimi, hakusema kitu mbele ya mama yangu. Akamdunga sindano pale pale uani, kwenye upepo, akasubiri mpaka mbavu zikatulia. Hooyo akamlazimisha sahani ya pilau, akaila akiwa amesimama. Alipokuwa akiondoka akaniambia tu, "Mwalimu, sindano hizi zina mwisho."

Wageni walipoondoka Hooyo alibaki uani na paka mapajani, anamfuta mkojo kwa maji ya vuguvugu. Nikaketi chini, kwenye vumbi, na buibui la Idi.

"Hooyo, ni uunsi," nikasema. "Daktari aliniuliza siku ile ya kwanza, nikadanganya. Si mkono wako. Ni mimi."

Aliendelea kufuta.

"Najua," akasema.

"Tangu leo?"

"Tangu alipoanza. Ukiwasha, anakohoa. Ukienda shule na moshi ukaisha, analala vizuri. Nimechunga maisha yangu yote, nitakosa kuona hilo?" Akakamua kitambaa. "Ule msumari ulikuwa wa kubahatisha tu. Nilitaka niwe nimefanya kitu."

"Kwa nini hukuniambia?"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimeuliza kwa nini maji yanateremka.

"Moshi ukisumbua mbuzi, mtu husogeza moto wake," akasema. "Ule moto haukuwa wangu. Nyumba ni yako. Mimi nimekuja na mtungi mtupu na paka. Mtu wa namna hiyo hamwambii mwenye nyumba azime uunsi."

Nimesoma vitabu vingi, na nimesahihisha insha nyingi kuhusu mapenzi ya mama. Sijawahi kujichukia kama nilivyojichukia nikiwa nimeketi pale. Paka alikabwa miezi mitano, mama yangu akahesabu kila pumzi, na wote wawili walivumilia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo. Nilidhani kinyaa kiko kwenye mate na usaha. Nilikaa pale nikijinusa mwenyewe, udi na sukari, na nikatamani kujivua ngozi.

Uunsi uliobaki niliumwaga kwenye shimo la taka siku hiyo hiyo. Mapazia nilifua mara nne.

Sasa niwaambie wenye paka wanaokohoa mambo tunayofanya, maana ndiyo mliyoyafuata. Daktari alitutoa kwenye vidonge polepole akatuweka kwenye pampu ya kuvuta, ile ile ya watoto wenye pumu. Paka hawezi kuambiwa avute, kwa hiyo inapachikwa upande mmoja wa chombo cha plastiki, na upande wa pili kuna barakoa ndogo ya mtoto mchanga. Sisi chombo kile hatukukipata Garissa, daktari akatutengenezea cha chupa ya maji. Barakoa tuliipata duka la dawa. Ipo pampu ya kila siku, asubuhi na jioni, na ipo ya samawati ya pale anapobanwa ghafla. Msizichanganye, na msimpe paka dawa ya mtu kwa kukisia. Mmeshasikia habari za paja.

Barakoa Hooyo ndiye aliyemzoesha. Wiki mbili nzima hakumpulizia kitu, alipaka samli kwenye ukingo wake akamwacha alambe, kama alivyokuwa akimzoesha mbuzi mama kukubali mtoto asiye wake. Sasa Askari akisikia pampu ikitikiswa anakuja mwenyewe. Mimi nashika chupa, Hooyo anahesabu pumzi kwa Kisomali mpaka kumi, na akimaliza, Askari anapewa kipande cha nyirinyiri, nyama yetu kavu ya kukaangwa. Pumzi yake inanilowesha vidole. Inanuka samaki aliyeoza. Bado inanitia kinyaa, na kila siku nashika.

Upepo wa Hagaa, ule wa katikati ya mwaka, ulipoleta vumbi, tulitoa mchanga kwenye beseni lake tukaweka kokoto ndogo zilizooshwa, tukapangusa vumbi kwa kitambaa kilicholoweshwa. Dawa ya mbu ya kuchoma hatutumii, tunalala kwenye neti. Kila jioni akiwa usingizini Hooyo anaangalia ubavu unavyopanda na kushuka, na mimi naangalia saa. Daktari alisema pumzi zikizidi arobaini kwa dakika tumpigie. Tumempigia mara moja tu tangu Idi. Mistari ile mitatu haikuota manyoya tena. Hooyo huipitishia kidole akiwa anaongea, bila kujua.

Wanaokuja kwangu husema nyumba sasa inanuka paka. Ni kweli, inanuka.

Wiki iliyopita nilikwenda harusini mtaa wa pili. Walinifukiza mpaka kwenye nyayo, hata ungenisikia harufu kabla hujaniona. Niliporudi alasiri, mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa ndani. Nikagonga. Hooyo akafungua kiasi cha kutoa kichwa, akavuta hewa puani, akakunja uso. Alinitazama jinsi mimi nilivyokuwa nikimtazama paka.

"Simama hapo hapo," akasema. "Usiingie na hiyo harufu."

"Hooyo, watu wananiona."

"Waone. Maji nimekuwekea nyuma, na sabuni. Hizo nguo ziache kwenye kamba."

"Hii si nyumba yangu?"

"Oga kwanza," akasema, akafunga mlango. Nikazunguka nyuma kwenda kuoga.